Betri Iliyoketi

Wanaosema kwamba Mwalimu wa Betri alizinyonya nguvu betri za zahanati yetu wanasema uongo, na mimi ninayesema hivi ni mmoja wa waliousaidia uongo huo kusimama. Nimenyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Sasa nimemketisha mjukuu wangu mezani na kalamu, kwa kuwa mimi sikutiwa shuleni hata siku moja, na nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asipunguze ukali wala asiongeze utamu.

Jina lake sitalitaja. Watu wa Birongo wanalijua, na waliomtendea ubaya hawakulitumia kamwe, kwao alikuwa "yule mtu wa kuja." Mimi nitamwita kwa kazi yake. Alifundisha fizikia katika sekondari ya huku kwetu mpaka alipostaafu, kisha akaweka meza katika baraza la duka moja sokoni Birongo, akawa anachaji na kupima betri za watu: za gari, za sola, za redio, na za vipaza sauti vya makanisa. Alikotoka si hoja. Nimeona kwamba anayeanza habari zake kwa kuuliza alitoka wapi huwa amekwisha kumhukumu.

Meza yake ilikuwa ya mbao nzito, imeliwa na asidi mpaka ikawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Leso zake zote zilikuwa na matundu kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa na chaja iliyounguruma mchana kutwa, chupa za maji ya betri, na mita ya volti ya rangi ya manjano iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa globu ya taa ya mbele ya lori. Aliipigilia kwenye kipande cha ubao, akaitia nyaya mbili zenye vibanio vya meno kwenye ncha. Kifaa hicho alikiita Mtihani.

Mtu alipoleta betri na kusema ni nzuri, mazungumzo yalikuwa yale yale kila siku.

"Mwalimu, hii ni mpya karibu. Inasoma kumi na mbili."

"Inasoma kumi na mbili ikifanya nini?"

"Ikifanya... si imekaa tu?"

"Hata mimi nikikaa tu ni msichana. Ipe kazi kwanza."

Kisha aliibana kwenye Mtihani. Globu ikiwaka nyeupe na namba ya mita ikishuka kidogo tu, alitikisa kichwa na kumrudishia mwenyewe betri yake bila sifa yoyote. Globu ikiwaka manjano kama kiini cha yai na namba ikiporomoka, alisema, "Hii ndiyo betri yako. Ile ya kwanza ilikuwa picha yake." Kijana mmoja wa boda boda aliwahi kumwambia kwamba mita yake ina wivu. Alimjibu, "Ina macho tu, mwanangu. Wivu ungeipunguzia macho." Watu walicheka, na kijana akacheka pia, ingawa hakufurahi.

Hakuwa mwanamke mwepesi wa kupendeka. Ukimsalimu akiwa anasoma namba, hakuitikia; alikuinulia kidole mpaka amalize. Ukisema, "Mwalimu, stima imeisha," alikuuliza, "Stima gani? Ya wapi? Imeisha au haifiki?" na hakukuhudumia mpaka useme unachotaka kusema. Niliwahi kumwona akimrudisha mhubiri mzima nyumbani kwake, na kipaza sauti chake begani, kwa kuwa alikataa kujibu swali hilo. Mhubiri alirudi kesho yake na jibu sahihi.

Wala sitadai kwamba alikuwa malaika wa vipimo. Mtu huyu ambaye hakuiamini betri yoyote mpaka ameipa kazi alivaa bangili ya shaba aliyouziwa na mchuuzi wa barabarani, eti inaondoa maumivu ya viungo. Nilimuuliza, "Umeipa kazi hiyo?" Akaificha chini ya mkono wa sweta, akaniuliza habari za chai. Na kisha kulikuwa na radi. Yeyote aliyeishi milima hii ya kwetu anajua jinsi radi inavyotutembelea alasiri baada ya alasiri. Mwalimu, aliyeshika nyaya tangu asubuhi kama sisi tunavyoshika majani, aliposikia ngurumo ya kwanza alizima kila kitu, akapanda juu ya kreti la soda na kukumbatia magoti. Wachuuzi wa ndizi walimcheka. Yeye alisema, "Nyinyi mnaiogopa kidogo kwa sababu hamuijui."

Kosa lake kubwa lilikuwa jingine, nami nitalisema kwa kuwa ninataka kuaminiwa katika mengine. Alikaa kwetu zaidi ya nusu ya maisha yake, akadai kila mtu aseme neno sahihi, na katika miaka yote hiyo hakujifunza Ekegusii zaidi ya salamu na hesabu. Siku za kwanza nilipompitia barazani nilimsalimu kwa heshima, "Bwakire, baba." Aligeuka kutazama ni mwanamume gani aliyesimama nyuma yake. Ikanilazimu kumweleza kwamba sisi Wagusii humwita mama "baba," na baba tunamwita "tata." Alicheka mpaka akashika meza. "Neno moja, watu wawili," alisema. "Hapa mtu anaweza kumzika asiye marehemu." Tangu siku hiyo nilimwita baba na yeye akaniita mong'ina, yaani mama mzee, nasi tukawa marafiki kwa namna ya watu wawili wakali.

Mimi Kiswahili nilikipata ujanani katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, tulikovuna pamoja na watu wa kila pembe, nikakinyoosha kwa kusikiliza Biblia ikisomwa. Kwa ajili hiyo kanisa letu la Gesima lilinifanya mkalimani. Mhubiri mgeni akija, yeye husema Kiswahili na mimi nageuza kuwa Ekegusii kwa ajili ya wazee. Nimeifanya kazi hiyo kwa fahari. Mkumbuke fahari hiyo; nitarudi kwake.

Sasa nieleze lile alilonifundisha, kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba lielezwe hivyo.

Redio yangu ilikuwa na tabia ya kusema vizuri kwa sauti ndogo. Nikiikuza sauti ili nisikie mahubiri nikiwa jikoni, ilikoroma na kuzima. Nilibeba betri mpaka Birongo. Ilisoma kumi na mbili. Nilianza kumlaumu fundi wa redio. Mwalimu akaibana betri kwenye Mtihani, namba ikaanguka.

"Kwa hiyo mita inasema uongo," nilisema.

"Mita imesema kweli mara mbili. Wewe umeuliza swali moja na kupewa majibu ya maswali mawili. Mong'ina, unapotafuta wachumaji wa chai, unawachaguaje?"

Nilimwambia siwachagui wakiwa wamesimama kichwani mwa mstari asubuhi. Hapo kila mmoja amenyooka. Nawachagua wakipanda kilima kwenda kituo cha kupimia majani, vikapu vimejaa mgongoni. Hapo ndipo utamwona mwenye goti bovu. Nguvu anayo, hakuiacha nyumbani. Lakini goti lake lenyewe linaila njiani, na kinachofika juu ni mabaki. Na kikapu kikiwa kizito zaidi, goti linakula zaidi.

Mwalimu aliweka mita chini. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Goti," alisema. "Nimefundisha miaka yote hiyo na sikupata neno hilo. Betri nayo ina goti ndani yake. Ikiwa imeketi, haibebi kitu, goti haliumi, unaona nguvu yake yote. Ukiipa kazi, goti linakula sehemu, na inayofika kwenye globu ni ile iliyobaki. Hizo ni nguvu mbili na zina majina mawili. Wanafunzi wangu waliyachanganya kila mwaka."

Akaniambia majina hayo. La kwanza, la nguvu ya betri ikiwa imeketi, lilikuwa herufi tatu za Kizungu, naye alilitamka haraka: iemefu. Sikulishika, halikufanana na kitu chochote ninachokijua. La pili, la nguvu inayofika kazini, lilikuwa herufi mbili: pidi. Sisi wazee wa huku hatuna herufi hiyo ya kwanza katika lugha yetu. Ikiingia kinywani mwetu inageuka. Mimi nikasema, "Bidii."

"Si bidii. Pi-di."

"Ndivyo nilivyosema. Bidii."

Alifungua kinywa anisahihishe, kisha akakifunga. Nilimwona akilitafakari. "Betri hii ina nguvu lakini haina bidii," alisema polepole, kama anayeonja. "Mong'ina, umekosea ukapatia." Tangu hapo barazani pake palisikika maneno hayo: hii ina goti bovu, ile ina bidii. Wateja waliyachukua. Watoto waliyasema wakicheza.

Mjukuu wangu amesimamisha kalamu hapa na kuniambia, "Nyanya, hivi ndivyo tunavyofundishwa, ila sisi tulikariri tu." Nimemwambia aandike, asinisifu. Aliyestahili sifa hizo tulimfukuza.

Zahanati ya kijiji chetu ilikuwa na friji ya chanjo, na umeme wa nguzo ulikuwa unakatika kila mara. Kamati ikaamua kuweka sola. Nilikuwamo katika kamati hiyo, mwanamke peke yangu kati ya wazee. Muuzaji mmoja alikuja kutoka mjini na betri nne kubwa zilizong'aa, amevaa shati jeupe ambalo halijawahi kukutana na asidi. Hakujua Ekegusii, na baadhi ya wazee wetu hawakukijua Kiswahili vizuri, kwa hiyo niliwekwa katikati kukalimani. Mimi ndiye niliyeomba Mwalimu aitwe aje atazame kabla hatujapokea. Hilo moja nililifanya vyema.

Muuzaji alitoa mita yake mpya, akagusa betri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Wazee wangu, mita haina kabila, mita haina dini! Kumi na mbili nukta nane! Nani ana swali?"

Nikageuza: asema zina chinguru. Hilo ndilo neno letu la nguvu, nguvu ya aina yoyote, ya fahali au ya maombi.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma na Mtihani wake kwapani. Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Hiyo ni nguvu ya betri iliyoketi. Sikatai kwamba ipo. Ninauliza itabaki ngapi friji ikianza kuvuta."

Wazee wakanigeukia.

Sikilizeni nilichofanya. Nilikuwa na maneno mawili. Nilikuwa nayo tayari kinywani, goti na bidii, maneno ambayo mwanamke yeyote wa chai angeyaelewa kabla hujamaliza kuyasema. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa amekaa mbele yangu na koti lake na miwani yake, na muuzaji alikuwa anatabasamu, nami nikaona haya. Niliona jinsi watakavyocheka nikisema betri ina goti. Nilijiambia kwamba mtu asiyesoma anapaswa kutumia maneno makubwa mbele ya watu, wala asiseme ya jikoni. Nikameza maneno mawili na kutoa moja. Nikasema: naye asema hazina chinguru.

Mwenyekiti akafungua mikono. "Huyu asema zina, huyu asema hazina. Na mita iko hapa, inasema zina. Tunabishana nini?"

Mwalimu hakuelewa nilivyomgeuzia maneno yake, ila aliona nyuso. Alipita katikati ya watu, akabana Mtihani kwenye betri iliyokuwa karibu, akaweka mita yake juu. Globu iliwaka manjano, ile ya kiini cha yai. Namba ikaporomoka: kumi na moja, kumi, tisa.

Muuzaji aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mnaona? Mnaona anachofanya? Anainyonya betri yangu! Hivi mtu akiyanywa maziwa yako mbele yako, kisha akakwambia kikombe hakikujaa, utamwita mtaalamu? Taa ya lori hiyo! Inakunywa!"

Hayo niliyageuza vizuri sana. Niliyageuza kwa sauti, maziwa na kikombe na lori, sikukosa hata neno moja. Wazee walinguruma. Mmoja alisema, "Mwambieni aitoe." Mwalimu akaitoa.

Na hapa ndipo penye dhambi yangu. Kila mtu alikuwa anamtazama muuzaji akipunga mikono. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto kwa Mwalimu, na mita ilikuwa chini ya macho yangu. Alipofungua kibanio, namba ilianza kupanda. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili na nukta kadhaa, karibu pale pale ilipoanzia. Sikuhitaji shule kuelewa nilichokiona. Kama taa ilikuwa imeyanywa maziwa, maziwa yalirudije kikombeni? Hakuna kilichonyonywa. Betri ilikuwa imetua mzigo wake na kuketi tena, basi, na goti lake bovu likaacha kuuma.

Niliona, nikanyamaza. Karatasi ilipoletwa, walioweza kuandika waliandika, nami nikachovya kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza chini ya majina yao.

Friji ile ilifanya kazi siku chache. Kisha ikawa kila inapoanza kuvuta, betri zinaanguka na friji inazima. Ikizima, betri zinapanda tena na kusoma kumi na mbili, safi kama zisizojua lolote. Nesi alipoteza siku nyingi akiamini kwamba friji ndiyo mbovu, kwa kuwa kila alipopima betri alizipima zikiwa zimeketi. Chanjo ziliharibika, zikatupwa. Nilikuwa langoni asubuhi ile akina mama waliposhuka kutoka milimani na watoto wachanga migongoni, wakaambiwa warudi, hakuna chanjo. Mmoja aliuliza lini zitakuja. Alimfunika mtoto wake na kuanza kupanda kilima upya, na sikuweza kumtazama goti.

Muuzaji hakupatikana tena. Ikabidi atafutwe wa kulaumiwa aliye karibu. Mwenyekiti alisimama kwenye mkutano na kusema, "Sisi tulipokea betri nzima. Zilinyonywa siku ile, mbele yetu sote, na mtu wa kuja." Alisema "mbele yetu sote." Nami nilikuwa mmoja wa hao sote. Kichwa changu kilikuwa kimeinama, nikitafuta kitu kisichokuwako katika mkoba wangu.

Baraza alilowekea meza Mwalimu lilikuwa la duka la mwenyekiti huyo huyo. Juma hilo alimwambia ahame. Alimwambia, "Tafuta baraza la kwenu." Naye Mwalimu aliuliza kwa Kiswahili chake, "La kwetu ni lipi?" Alipakia meza juu ya mkokoteni. Watu ambao alikuwa amewaokoa wasinunue takataka kwa miaka mingi walisimama milangoni mwa maduka, wakatazama. Yule kijana wa boda boda wa mita yenye wivu ndiye pekee aliyesogea kusukuma mkokoteni. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na ndizi zangu. Nikajiambia nina haraka.

Nina hasira, mjukuu wangu, na hasira yangu haichagui. Nina hasira na muuzaji, ingawa yeye alifanya kazi ya wezi tu, na mwizi hadanganyi kuhusu kazi yake. Nina hasira na mwenyekiti, ambaye alisoma mpaka akavaa miwani, na hajapata kuuliza swali la pili maishani mwake. Nina hasira na kijiji kizima kilichojua maneno goti na bidii, kilichoyacheza kama wimbo pale Birongo, na siku yalipohitajika kikasahau kwamba yana maana. Na wa mwisho mnamjua.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba yuko Ogembo. Nilikwenda. Nilimkuta katika chumba cha nyuma cha duka la mbegu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, boda boda zikipita kwa kelele mbele yake. Meza ile ya vishimo ilikuwa ndani, imewekewa sufuria. Leso yake haikuwa na matundu. Nililiona hilo kabla ya uso wake. Bangili ya shaba ilikuwa bado mkononi.

"Bwakire, baba," nilisema.

"Mong'ina." Hakushangaa. "Keti."

"Unaonekana mzima."

"Nimeketi," alisema. "Ngoja niinuke uone." Aliinuka akishikilia fremu ya mlango, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni, na nikaona jinsi mguu wa kulia ulivyokataa. Alirudi kitini akihema, uso umelowa jasho. Baada ya muda kidogo uso ulitulia, akawa tena yule mwanamke niliyemkuta. "Umeona? Kumi na mbili tena. Majirani wananiambia kila siku kwamba sina neno."

Tulikunywa chai. Alilalamika kwamba chai ya Ogembo inachemshwa sana. Nilimwambia chai ni ile ile, wanaochemsha ndio hawana subira. Kisha nikaona kwamba nikiendelea kuongea habari za chai nitapanda gari nirudi na mzigo wangu kama nilivyokuja. Nikasema, "Baba, siku ile nilikugeuzia maneno vibaya. Nilitumia neno moja kwa mawili." Nikamweleza lote. "Na ulipotoa kibanio, niliona namba ikirudi."

Aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

"Kushoto kwako."

"Basi uliiona vizuri," alisema. Akatazama mikono yake. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama kweli ilirudi, au kama niliona nilichotaka kuona. Mita ilikuwa kuukuu. Nilianza kuilaumu mita."

Nimewahi kusutwa na watu wengi, nami najua kusuta. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo.

Nilianza kusema pole. Aliniinulia kidole, kile cha kumnyamazisha mtu mpaka amalize kusoma namba.

"Umekuja kunipa pole au umekuja kusema uliyoyaona?"

"Nimekuja kusema."

"Kwangu mimi? Mimi nilikuwako. Hapa hapana mzigo wowote, mong'ina. Sisi ni wazee wawili tumeketi na vikombe. Kila mtu ni mkweli akiwa ameketi." Aliniambia niende nyuma ya mlango. Mtihani ulikuwa pale, umetundikwa kwenye msumari, nyaya zimekunjwa vizuri, vibanio vimepakwa mafuta. "Chukua. Zile betri bado ziko?"

"Ziko stoo ya zahanati. Hakuna aliyezigusa."

"Zitakuwa zimekufa kabisa. Wazichaji kwanza, zisome kumi na mbili, ndipo ubane. Usiseme kwamba nilikuwa mtu mwema, sikuwa. Sema kuna nguvu mbili na zina majina mawili. Wakiona namba ikianguka, watapiga kelele. Waache. Usiondoe macho. Ukitoa kibanio, waambie watazame. Hapo ndipo hawakutazama."

Nilimuuliza kama angependa kuwapo.

"Kwa mguu huu?" Akacheka kidogo. "Na mkalimani yupi?"

Betri moja imechajiwa na nesi. Ameniambia jana kwamba inasoma kumi na mbili na zaidi kidogo. Mkutano wa zahanati ni Jumapili. Mwenyekiti atakaa mbele, kwenye kiti chake, na koti lake. Nitawataka wazee wanipe nafasi, na nitasema kwa Ekegusii, nikitumia goti, nikitumia bidii, acheke anayetaka kucheka. Nitasema niliona. Nitasema kidole kilicho kwenye karatasi ya mapokezi ni changu na kwamba hakikustahili kuwekwa pale. Kisha nitabana.

Andika hayo yote, mjukuu wangu, kisha niletee wino. Nitaweka kidole hapa chini, kile kile, ili pasiwe na njia ya kurudi. Lakini usiandike kwamba nyanya yako ni shujaa. Tangu asubuhi nimekuwa kwenye kiti hiki, na chai mkononi, nikisema ukweli bila kutetemeka hata mara moja. Hapa nilipoketi ninasoma kumi na mbili. Jumapili tutajua.